Fundi Tofali na Ukuta wa Sidiria

Mteja aliyetaka herufi nyembamba, Fundi Tofali alimwelekeza kwa upole kwa fundi umeme, akisema huko ndiko kwenye nyaya. Yeye alikuwa na aina moja tu ya herufi, nene, fupi, zenye mabega, na alikuwa ameiandika mji mzima bila kuona haya. Ukimwomba aandike jina la duka, jina la basi au onyo la ukutani, ulipata herufi zile zile. Hata orodha ya vitu vya kununua sokoni aliiandika hivyo, chumvi ikachukua ukurasa wa kwanza na sabuni ukurasa wa pili.

Chanzo cha herufi hizo kilikuwa tofali la kweli. Kabla hajashika brashi, jamaa alikuwa mwashi, tena mwashi mzuri, mpaka siku jukwaa lilipomtupa chini na goti lake likagoma kupanda ngazi ndefu. Akakaa nyumbani miezi minne akinung'unika. Mwezi wa tano akachukua tofali, akalishikiza ukutani, akalizungushia penseli, akatazama ule mstatili aliouchora. Akaona kwamba ukiumega kidogo chini na kuutoboa kidogo juu, umepata A. Ukiumega ubavuni mara mbili, umepata E. Tangu siku hiyo hakuwahi kuchora herufi. Alikuwa anaanza na tofali zima, kisha anaondoa kiasi kidogo iwezekanavyo, kwa uchungu, kama mchoyo anayemkatia jirani kipande cha nyama. Herufi ya I hakuikata kabisa. Ilibaki tofali zima, na aliyelalamika kwamba haisomeki aliambiwa aangalie majirani zake wa kushoto na kulia, atajua ni nani.

Aliyemshikia tofali ukutani mwaka ule wa kwanza, huku yeye akizungusha penseli, alikuwa mkewe. Watu walimwita Mama Pacha kwa sababu ya mabinti zao wawili, ambao sasa walikuwa wameshaolewa na kuhamia mbali. Mama Pacha alilishika tofali lile mpaka vidole vikafa ganzi, akiuliza kila baada ya dakika tano kama herufi bado haijaiva.

Lazima niseme ukweli, herufi zile zilifanya kazi. Mzee mmoja aliyekuwa na kijibwa kisicho na meno aliandikiwa MBWA MKALI kwenye geti, na tangu hapo hata watu wa kusoma mita za maji walikisia matumizi yake wakiwa barabarani. Kijibwa chenyewe kikaanza kutembea kwa maringo. Nyuma ya soko paliandikwa USIKOJOE HAPA, na wanaume wazima wakawa wanazunguka njia nyingine hata kama hawana mkojo. Mahali zilipokataa ni pale palipotaka upole. Zahanati ilimpa kazi ya kuandika KARIBUNI, wagonjwa wakafika mlangoni na kusimama wima wakingoja amri ya pili. Kwenye wodi ya wazazi aliandika KIMYA, na kila aliyeingia alilisoma neno hilo kwa sauti kubwa, mpaka muuguzi akalifunika kwa shuka.

Halafu kulikuwa na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwake Fundi Tofali alikuwa na kesi mbili zisizokwisha. Kesi ya kwanza ilihusu mstari wa pili. Fundi Tofali, popote alipoandika mistari miwili, aliusogeza wa pili nusu tofali pembeni, ukaning'inia kama shati lililofungwa vifungo vibaya. Kinyozi aliuliza ni wazimu gani huo. Akajibiwa kwamba viungo vya matofali vikifuatana juu na chini, ukuta unapasuka. Kinyozi akasema lakini hii ni rangi tu. Fundi Tofali akamwangalia kwa huruma, akaendelea kupaka.

Kesi ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Kinyozi alitaka herufi nene kuliko za mtu yeyote mjini, akawa anasimama nyuma ya fundi akisema ongeza, ongeza. Fundi akaongeza. Matundu yakazidi kuwa madogo, mapengo yakazidi kubana, na jioni ilipofika ukuta ulikuwa umejaa mabonge meusi yaliyopangwa vizuri sana, na hakuna binadamu aliyeweza kujua kwamba pale paliandikwa chochote. Wageni waliusifia kwa kuwa na pambo zuri, wakaenda kunyolewa kwingine. Kinyozi alilazimika kutundika mkasi wa mbao mlangoni, na kwa miaka saba hakumsamehe.

Sasa tuingie ndani kwa fundi, maana huko ndiko mambo yalikoharibika.

Mama Pacha alikuwa na cherehani kwenye chumba cha mbele, na kazi yake ilikuwa kushona sidiria za wanawake ambao madukani hawapati saizi yao. Ilikuwa kazi ya siri na ya heshima. Wateja walipita uchochoroni, wakaingia kwa mlango wa nyuma, wamebeba vikapu ili waonekane wameleta unga. Ndani walipimwa kwa utepe, wakaandikwa kwenye daftari kwa alama ambazo Mama Pacha peke yake ndiye aliyezielewa, wakacheka kidogo, wakaondoka wakiwa wamenyooka mgongo. Mteja wake mkubwa, kwa maana zote mbili, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mama mkali ambaye hata wazazi walificha mikono nyuma walipozungumza naye. Habari zilienda kwa kunong'onezana, wateja wakaongezeka, na baadhi ya wapya wakawa wanagonga nyumba zisizo zao.

Ndipo Mama Pacha alipomwomba mumewe kibao. Alisisitiza kiwe kidogo, ukubwa wa sahani, chenye neno moja tu, USHONAJI, atakitundika kwenye mlango wa nyuma. Kisha akafunga mzigo, akaenda siku nne kwa dada yake aliyekuwa amejifungua.

Fundi Tofali alikaa kwenye kigoda akaitafakari ile sahani. Kadiri alivyoitafakari ndivyo alivyoona aibu. Huyu ni mke wake, aliyemshikia tofali mpaka vidole vikafa ganzi. Mzee wa kijibwa kaandikiwa geti zima, leo mke wa fundi mwenyewe aandikiwe sahani, watu watasemaje? Alimpenda sana yule mama, jamani, na hapo ndipo penye tatizo, maana mapenzi yake hayakuwahi kuwa na saizi ndogo. Akachanganya saruji na mchanga, kwa sababu rangi peke yake aliiona haitoshi, akazijenga herufi kwa lipu kwenye ukuta unaotazama barabara, zikatokeza unene wa kidole gumba. Akazipaka nyekundu ya mafuta mara tatu juu ya nyeupe. Kwa siku nne hakula mchana.

SIDIRIA, mstari wa kwanza ulisema. ZA KILA, ukasema wa pili, umesogea nusu tofali. UKUBWA, ukamalizia wa tatu. Chini yake aliweka mshale wa kuelekeza uchochoroni, nao ulikuwa tofali lenye pua.

Mama Pacha aliuona basi likiwa bado darajani, umbali wa mashamba mawili. Abiria wenzake walikuwa wanausoma kwa pamoja. Alishuka, akatembea bila kuinua macho, akapita mbele ya benchi la kinyozi ambako wanaume sita walikuwa wameacha kunyolewa, akaingia ndani, akaweka mzigo chini. Mumewe alikuwa amesimama katikati ya chumba na rangi kwenye nyusi, akingoja kusifiwa.

"Niliomba sahani," alisema Mama Pacha. "Wewe umenijengea jukwaa."

Akamweleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa. Wanawake wale wanakuja kwake kwa sababu hakuna anayejua wanakuja. Sasa kila atakayeugusa uchochoro ule, benchi zima la kinyozi litajua anaenda kufanya nini, na litakuwa na maoni. Hilo halikuwa limempitia Fundi Tofali kichwani hata kidogo.

Wiki ile hakuja mtu. Wiki iliyofuata hakuja mtu. Watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wanajifunza kusoma waligundua ule ukuta, wakawa wanasimama mbele yake kila wanapotoka shule, wakitamka silabi kwa kuimba, na waliofika UKUBWA bila kukosea walipigiwa makofi na kinyozi. Mwalimu mkuu alikuwa na sidiria tatu zilizokwisha kushonwa. Alipita mbele ya nyumba mara tatu siku moja, mwavuli umefunika uso na jua halipo, na mara zote tatu wanafunzi wake wakamsalimia kwa heshima, kwa sauti ya shule nzima. Akaenda zake bila mzigo wake.

Cherehani ikanyamaza. Lakini Fundi Tofali aliumizwa zaidi na kitu kingine. Mama Pacha hakugomba, hakununa, hakurudi kwa dada yake. Aliendelea kupika na kufua kama kawaida. Ila aliacha kumwita Baba Pacha.

"Fundi, chakula kipo mezani," alisema jioni ile ya kwanza.

Ilikuwa fundi asubuhi na fundi jioni. Fundi, maji ya kuoga tayari. Fundi, kuna mtu anakuulizia. Alilisema kwa adabu kabisa, jinsi ambavyo mteja yeyote angelisema, na kila lilipotoka jamaa alihisi ametolewa nje ya nyumba yake na kusimamishwa kwenye foleni. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa Baba Pacha. Mara kadhaa alijaribu kuomba msamaha. Alikaa mbele ya mkewe, akakohoa, neno likafika hadi kwenye meno, kisha akajisikia anauliza kama chumvi ipo. Mtu aliyeweza kupiga kelele mji mzima kwa saruji hakuwa na sauti ya kuombea msamaha jikoni.

Akaona bora aanze na ukuta. Kwanza alipaka herufi zote chokaa nyeupe. Lakini zilikuwa zimetokeza unene wa kidole gumba, na jua la alasiri lilipogeuka kila herufi ikatupa kivuli chake, nyeupe juu ya nyeupe, safi ajabu. Kinyozi alivuka barabara kumpongeza. Alisema sasa sidiria zimekuwa za kistaarabu, zinafaa hata kwa ofisi.

Kisha akachukua patasi na nyundo, akaanza na herufi ya mwisho. Lipu ile alikuwa ameichanganya kwa mapenzi, ikang'ang'ania matofali ya nyumba kuliko matofali yalivyong'ang'aniana. Pigo la tano likaondoka na herufi, na tofali la nyuma yake, na kipande cha chumba cha cherehani. Fundi Tofali akachungulia kwenye tundu. Upande wa pili Mama Pacha alikuwa ameketi na sindano mkononi, anamtazama.

"Fundi," alisema, "hapo ndipo wanapovulia nguo."

Aliliziba tundu kabla ya mchana kuisha, tena kwa matofali mawili. Akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani, akakiri moyoni kwamba ameshindwa. Mbele yake, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na ule ukuta wa kinyozi. Mgeni mmoja alikuwa amesimama pale akiutazama. Aliinamisha kichwa, akasema pambo zuri, akapita.

Fundi Tofali akainuka kwenye ndoo taratibu, goti likilalamika.

Alifanya kazi siku sita. Kwanza aligongagonga ile rangi ya mafuta iwe na makovu, lipu mpya ipate pa kushika, kisha akaupiga ukuta wote lipu nene mpaka herufi za zamani zikazama, akausawazisha kwa ubao na pimamaji. Hapo angeweza kuishia. Ukuta mtupu ungemaliza aibu ya sidiria, na mtu mwenye akili zake angeosha mwiko akaenda kulala. Lakini ukuta mtupu usingeondoa lile jina la fundi. Kwa hiyo kabla lipu haijakauka, alichukua msumari na rula akaugawanya ukuta safu mbili za matofali makubwa kuanzia msingi hadi paa. Safu ya juu aliweka manane, na nusu tofali kila mwisho. Safu ya chini aliweka tisa mazima, yakaketi nusu nusu chini ya yale ya juu, kama alivyofundishwa. Ndani ya kila tofali akakata mikwaruzo michache kwa msumari, miembamba sana, na hii ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuondoa kidogo namna hiyo. Tofali moja hakulikata chochote. Akapaka ukuta wote rangi moja, ya mchanga. Mama Pacha alimletea chai nje, akasema fundi, chai, akarudi ndani bila kutazama kinachoendelea, maana alishaamua kwamba kutoka mkononi mwa mtu huyu hataki tena kusoma kitu.

Benchi la kinyozi liliukagua ukuta siku nzima. Wanaume wale walikuwa hawana kazi na macho yao yalikuwa mazuri. Walikubaliana kwamba ni matofali. Mmoja alisema ni matofali ya kisasa, mwenzake akasema hapana, ni mtindo wa zamani unarudi, wakabishana hivyo mpaka kinyozi akawaambia wanaosubiri kunyolewa wasogee. Darasa la kwanza lilifika likasimama midomo wazi, likakosa cha kusoma, likaenda kukojoa nyuma ya soko, likakuta onyo, likaenda nyumbani.

Siku ya tatu mlango wa nyuma uligongwa. Mwalimu mkuu aliingia na kikapu cha unga, akapokea sidiria zake tatu, akazijaribu zote, akatoka akiwa amenyooka mgongo. Akamwambia Fundi Tofali aliyekuwa uani kwamba ukuta sasa umetulia, na kwamba pambo lile lingefaa shuleni. Fundi akajibu kwamba pambo lile ni moja tu na halirudiwi. Mpaka Ijumaa walikuwa wamekuja wanawake tisa, na cherehani ililia asubuhi hadi jioni. Kwa hiyo biashara ilipona, na jamaa alifurahi kweli. Lakini chakula cha Ijumaa kilipoiva aliitwa fundi vile vile.

Jumamosi alasiri Mama Pacha alitoka kununua uzi. Aliporudi alisimama upande wa kinyozi kungoja lori lipite, na lori lilipopita hakuvuka. Jua lilikuwa limelala upande, saa ile ambayo kila mkwaruzo ukutani unajaa kivuli. Kitu kilichomshika macho kilikuwa lile tofali zima, la pili katika safu ya juu. Matofali yote mengine yalikuwa na michoro yao midogo. Hilo halikuwa na kitu. Alijua fundi mmoja tu duniani aliyekuwa na tabia ya kuacha tofali moja bila kulikata, na alijua herufi gani anaifanyia hivyo, kwa sababu enzi za kushika tofali ndiyo iliyompumzisha vidole. Akatazama jirani yake wa kushoto. Akatazama wa kulia. Midomo yake ikaanza kusogea, polepole, kama ya watoto wa darasa la kwanza.

NISAMEHE, safu ya juu ilisema. Ya chini ilisema MAMAPACHA, kwa pamoja, kwa sababu ukuta hauachi nafasi katikati.

Kinyozi alitoka na kitambaa begani, akaangalia kule alikokuwa anaangalia yeye, akauliza anatazama nini muda wote huo.

"Matofali," alisema Mama Pacha.

Kinyozi akasema ndiyo, ni matofali mazuri, akarudi ndani kumalizia kichwa cha mtu.

Fundi Tofali alikuwa jikoni, anatafuta kiberiti, aliposikia mlango wa mbele unafunguliwa. Hawakuwa na desturi ya kutumia mlango ule. Mkewe alisimama kizingitini na uzi wake mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu na mdomo wake ulikuwa unapigana na kicheko, na jamaa hakujua atazame wapi kati ya hivyo viwili.

"Ule mstari wa chini," alisema Mama Pacha. "Umeusogeza nusu."

"Ukuta usipasuke," alisema yeye, kwa sauti ndogo ambayo hata mwenyewe hakuwa anajua anayo.

Mama Pacha aliweka uzi juu ya meza. Akachukua kiberiti kilichokuwa mbele ya pua ya mumewe muda wote, akampa.

"Haujapasuka, Baba Pacha," alisema. "Washa moto tule."